Uzi wa tunaoandika riwaya: leo umeandika au umefuta?

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Habari za saa hizi wadau. Uzi huu ni wa wale ambao riwaya iko mezani sasa hivi, inakwenda au imekwama. Wale wa "nikistaafu nitaandika kitabu" karibuni pia, ila kaeni nyuma kidogo.

Kilichonifanya niufungue ni kwamba mawaidha ya uandishi yamejaa ya namna mbili tu: jinsi ya kuanza, na jinsi ya kupata mchapishaji. Ile Jumanne ya katikati, una sura saba nyuma yako na hujui ya nane inaanzia wapi, hakuna anayeisemea. Na riwaya karibu yote huandikwa Jumanne za namna hiyo.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya kupitisha mizigo bandarini. Nakaa Likoni, kazi iko ng'ambo, Mombasa kisiwani, navuka kwa feri. Naandika alfajiri kabla ya kutoka, na kidogo ofisini kabla wakubwa hawajaingia. Riwaya yangu ni ya nahodha wa Mji wa Kale na mkewe, miaka ya 1950, wakati bendera ya Sultani bado inapepea Mombasa na Fort Jesus ni jela.

Sasa nisikilizeni. Tangu sura ya pili nimekuwa nikitia alama pembeni ya daftari kila nikimaliza kuandika. S ni siku shwari, maneno yamekuja yenyewe. C ni siku chafu, nimetoka jasho nikapata aya mbili. Sikuwa na lengo lolote, ni maradhi ya ukarani tu, mtu hawezi kuona karatasi asiipige muhuri. Majuzi nikachapisha kazi yote, nikalifungia daftari kabatini, nikaanza kusoma huku nakisia: ukurasa huu wa S au wa C?

Wallahi sikuweza. Pale mke wa nahodha anapohesabu noti za shilingi za Afrika Mashariki, kazitandaza juu ya msala, akimaliza anazihesabu tena akianzia upande wa pili labda zitaongezeka, niliapa ni S. Kufungua daftari nakuta C, tena imepigiwa mstari. Na zile kurasa tatu za mwezi ukichomoza baharini, ambazo siku niliyoziandika nilitoka nyumbani nikitembea kama bwana harusi, ni S safi. Humo ndani hakuna mtu anayetaka kitu. Mwezi unachomoza, wote wanautazama, sura inakwisha.

Kwa hiyo mimi nimefika hapa: raha ya siku haina habari na uzuri wa ukurasa. Mtu anayefuta jioni alichoandika asubuhi kwa sababu tu asubuhi ilikuwa nzito, anahukumu kesi kwa shahidi asiyekuwepo. Aache zipite wiki kadhaa, asome kama anasoma kazi ya mtu mwengine, ndipo afute.

Na siku chafu nazo si moja. Nyengine ni uchovu mtupu: meli imeingia, nyaraka zimerudishwa, umelala saa nane usiku. Hiyo dawa yake kulala, hakuna falsafa hapo. Nyengine ni kutojua. Umemketisha nahodha barazani anakunywa kahawa, anaongezwa, anakunywa tena, na wewe unaandika kahawa kwa sababu hujui kilichomleta pale. Siku hizo naweka kando sura, nachukua karatasi nyengine naandika: huyu leo anataka nini, na nani atamzuia? Nikikosa jibu, basi tukio halipo, hata hiyo kahawa iwe na tangawizi. Halafu kuna aina ya tatu, ambayo unajua kila kitakachofuata lakini mkono hautaki kukiandika kwa sababu unaogopa. Hiyo ni ndefu, nitarudi kwayo. Feri haingoji.

Leteni zenu.

Mpita Njia

Nimeshakaa mbele. Muuza kahawa, kikombe kimoja hapa.

Bint Kisauni

Kaka karani umenigusa. Mimi sina daftari wala S na C. Naandika kwa simu watoto wakishalala, na simu yenyewe haijui Kiswahili. Naandika "hana", inaniletea Hannah. Siku moja niliamka nisome nilichoandika usiku nikakuta Hannah pesa, Hannah haya, Hannah pa kwenda. Mhusika mzima kaingia kwenye riwaya bila kupiga hodi! Nimeizima hiyo kazi yake ya kusahihisha, sasa makosa ni yangu mwenyewe.

Riwaya yangu ni ya saluni moja karibu na soko la Kongowea, wanawake wanne na mwenye nyumba anayetaka kuwatoa. Swali langu ni la hesabu. Nasikia watu wanaandika maneno elfu moja kwa siku, wengine elfu mbili. Mimi nikipata mia mbili nashukuru Mungu. Kuna kiwango jamani? Maana usiku nikifunga simu najiona mvivu, na mchana kutwa sijakaa.

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Dada, hiyo hesabu ya watu imetoka mbali. Marekani kulikuwa na changamoto iliyoanza mwaka 1999, mtu aandike riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba. Gawa kwa siku 30, unapata maneno 1,667 kwa siku. Ikasambaa dunia nzima, shirika lililoiendesha likatangaza kufunga mwaka 2025, lakini ile namba imebaki vichwani mwa watu utadhani imeteremshwa.

Kwanza ni namba ya Kiingereza. Wewe ukiandika "hatutawaambia" umehesabiwa neno moja, Mwingereza hapo ana matano. Tukio lilelile, machozi yaleyale, kaunta yake inasoma mbali kuliko yako. Usijipige kwa kipimo cha duka jengine.

Pili, tazama maisha ya aliyeweka kipimo. Kuna Mwingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope, alikuwa mtu wa posta na riwaya kaandika kadhaa wa kadhaa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake ya mfukoni mbele yake, anataka maneno 250 kila robo saa. Wengi wanaishia hapo kusimulia. Lakini mwenyewe amesema alikuwa akimlipa mtumishi wake pauni tano za ziada kwa mwaka kumwamsha na kumletea kahawa. Mimi wa kuniamsha ni adhana, na kahawa napika mwenyewe. Wewe una watoto. Mtu asikulinganishe na mwanamume aliyeletewa kahawa.

Mimi nahesabu matukio, sihesabu maneno. Wiki hii nataka mke wa nahodha agundue kuhusu deni. Akigundua kwa maneno mia tatu, sawa. Akigundua kwa elfu mbili, pia sawa. Asipogundua ndipo nina deni mimi.

Jambo jengine lililonisaidia, na hili ni la Hemingway, yule mwandishi wa Marekani: alikuwa anaacha kuandika akiwa bado anajua kinachofuata. Kwangu mimi si hekima, ni lazima, maana nikichelewa dakika kumi nyumbani nitakuta foleni ya watu kivukoni imefika mbali. Kwa hiyo naikata sentensi popote ilipofika. Kesho yake sianzi na ukurasa mtupu, naanza na nusu sentensi inayonidai. Jana niliacha kwenye "Akafungua kasha, akaona". Kutwa nzima ofisini nilikuwa najua alichokiona.

Kijana wa Bombolulu

Kabla hatujafika mbali, pesa iko? Nauliza tu.

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Mwanangu, ukitaka pesa njoo bandarini ubebe mizigo. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule, riwaya ya watu wazima isiyokwenda darasani wanaishika kwa ncha za vidole. Mrabaha ukija unakuja kidogo kidogo. Kuna tuzo: ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo sisi akina yakhe tunaruhusiwa. Tuzo ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyokwisha chapishwa. Lakini zote hizo zinataka kitu kimoja, riwaya iwe imekwisha. Turudi kazini.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, na nimesoma miswada ya vijana wengi wa hapa Pwani. Ninaomba nichangie upande wa lugha, kwa sababu ndipo wengi hutoka jasho bila sababu. Kijana anaandika Kiswahili sanifu kizuri, halafu bibi wa Kibokoni akifungua mdomo anazungumza kama kamusi. Ukimuuliza kwa nini, anasema mhariri atakataa. Wengine wanafanya kinyume, wanajaza lahaja hadi kwenye masimulizi, na msomaji wa Kitui au wa Mwanza anaachwa nje mlangoni.

Mleta uzi, wewe nahodha wako anazungumza vipi?

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Hapo ndipo nilipopoteza usingizi. Nimekata shauri hivi: msimulizi anakwenda na sanifu. Wazee wakisema, wanasema Kimvita. Bibi atasema "ndoo", atasema "ndiani", atasema "yuwaja", na simwekei maelezo chini ya ukurasa. Mtu akisoma "ndoo hapa keti" na kuna mtoto anakuja kuketi, ameshaelewa. Nahodha naye anabadilika, kwa mkewe Kimvita, kwa karani wa forodha anajikaza. Kujikaza kwenyewe kunaonyesha nani mwenye nguvu pale.

Mwaka 1928 walikutana watu wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Walikutana wapi? Mombasa hapa hapa. Wakaletwa kwenye mji wa Kimvita wakachagua cha jirani. Mimi sina kinyongo, ndicho ninachoandikia, lakini sioni kwa nini bibi yangu aadhibiwe kwa kikao asichoalikwa.

Lahaja lakini, mwalimu, nimeona ni nusu ya kazi. Nusu nyengine ni kwamba watu hawasemi wanachokitaka. Hili nimelijifunza kwenye feri. Tunaokwenda kwa miguu hatulipi, kwa hiyo tunajazana, bega kwa bega, mikokoteni katikati, na ule muda wa kuvuka ni mfupi mno kuandika ila unatosha kusikiliza. Siku moja pembeni yangu kuna mama kabeba beseni la mahamri, kafunika kwa kitambaa cheupe, anazungumza na simu aliyoibana kati ya sikio na mtandio. Mkono mmoja umeshika beseni. Anasema: "Mtoto wako hajambo? ... Alhamdulillahi. Na ule mguu wa mamako? ... Haya. Nasikia mmenunua kochi. ... La, mimi nimesikia tu. Zuri? ... Hongereni. Mimi nipo, si wajua, na beseni langu." Basi. Akakata simu. Neno deni halikutajwa hata mara moja, na kila aliyekuwa karibu alijua kuna mtu anadaiwa na atalipa kabla ya Ijumaa.

Nilifika ofisini nikafuta mazungumzo yote ya sura ya tano. Yalikuwa ni watu wanaoambiana ukweli. Nani anafanya hivyo Mombasa?

Mpita Njia

"Nasikia mmenunua kochi." 😂😂 Huyo mama aandike riwaya yeye.

Bint Kisauni

Kaka usituache njiani. Ile aina ya tatu. Maana mimi ndiyo yangu. Mwenye nyumba kwenye riwaya yangu ni mtu namjua, na wanaomjua wako saluni kila wiki. Nimefika anapomtongoza msichana wa kuosha nywele, na hapo nimekwama tangu kabla ya Ramadhani. Kila nikifungua simu naanza kusafisha sura za nyuma.

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Haya, nimekaa vizuri leo, feri nimeshavuka.

Huko kusafisha sura za nyuma ndiko kujificha. Mimi kujificha kwangu ni utafiti. Nataka kujua mwaka 1955 mtu alivukaje kwenda Nyali, nasoma, najua lilikuwepo daraja la kuelea lililojengwa 1931, la zege likaja 1980. Neno moja hilo lilinitosha. Lakini nasoma tena, naulizia picha, natafuta lilikuwa na upana gani, saa tatu zinapita na nimejiridhisha kwamba nimefanya kazi. Sijafanya. Kulikuwa na tukio la ugomvi sikutaka kuliandika.

Ugomvi wenyewe ni wa nyumbani kwetu. Babu na bibi waligombana kwa sababu ya dhahabu ya bibi, babu aliiuza bila kumwambia, na ndugu wakagawika pande mbili hata baada ya wote wawili kufariki. Shangazi yangu aliposikia naandika, alikuja siku ya Idi, akala, akanawa, akaniuliza mbele ya watu: "Na mimi umenitia?" Nikasema la. Akasema: "Basi usituanike." Mke wangu akabadilisha mazungumzo kwa kuleta kaimati. Baada ya hapo daftari lina C zinazofuatana mpaka aibu.

Nilivyotoka ni hivi. Niliuandika ugomvi kama ulivyokuwa, kwa majina halisi, dhahabu halisi, na matusi. Nikajiambia hii hasomi mtu. Na kweli hajaisoma mtu. Ilipokuwa imekwisha, na hofu imetoka, ndipo nikauliza: humu ndani kinachouma ni nini? Hakikuwa dhahabu. Kilichouma ni kwamba bibi aliambiwa na jirani, hakuambiwa na mumewe. Hicho ndicho nilichokichukua. Kwenye riwaya hakuna dhahabu, kuna hisa ya jahazi aliyoachiwa mke na baba yake, na nahodha ameiweka rehani. Anayemwambia ni mke wa fundi seremala, akiwa amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Nikaondoa nusu ya ndugu. Yule wa kiume mkali nikamfanya shemeji mpole, na kumbe mpole anatisha zaidi.

Kwa hiyo dada, mwandike huyo mwenye nyumba mzimamzima kwanza, na simu uifunge kwa namba ya siri. Kumficha ni kazi ya mkono wa pili. Ukianza kumficha kabla hajatoka, unaficha hewa. Halafu ukija kumficha, usibadilishe kofia na gari tu. Badilisha kitu kinachomfanya atambulike na acha kile kinachomfanya aogopwe. Na mchanganye na mtu mwengine asiyehusiana naye hata kidogo.

Lakini niseme pia, kama ni jambo lililomtokea msichana aliye hai na atajijua, hilo si suala la ufundi. Huyo muulize kwanza, au liache.

Kijana wa Bombolulu

Nikiongezea hapo kwa majina halisi, TAHADHARI. Mimi mhusika wangu alikuwa Ali, nikaamua awe Omar. Nikaiambia kompyuta ibadilishe kila Ali iweke Omar. Ikabadilisha. "Omarkuja akaketi. Omarkuwa na njaa. Omarsema hataki." Sura kumi na moja.

Mpita Njia

Nimekufa.

Bint Kisauni

Hannah na Omar waoane tu, riwaya iishe 😂

Kaka, nimekuelewa. Nimeandika usiku. Sitasema ni ngapi. Mwenye nyumba kasema maneno ambayo sikujua nayajua.

Mzee wa Barazani

Salaam aleikum nyote. Mimi si mwandishi, mjukuu wangu ndiye anayenisomea huku akicheka. Nataka kumwambia huyo karani asiogope sana. Baba yangu alikuwa mtu wa hadithi, barazani kwetu alisimulia watu wa mtaa huo huo mbele yao. Hakuna hata mmoja aliyejitambua. Kila mtu alitambua jirani yake. Shangazi yako akisoma atasema, huyu ni fulani, nilimjua tangu zamani.

Sasa na mimi nina swali. Huyo nahodha wako anapakia nini, na anaondoka lini? Maana nimesoma vitabu ambavyo jahazi linakwenda Arabuni mwezi wowote kama matatu ya Bamburi.

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Shikamoo mzee, na ahsante kwa hiyo ya jirani, nitampelekea shangazi.

Anapakia boriti za mikoko kutoka Lamu, anazipeleka Arabuni. Na kuhusu lini, mzee, hapo ndipo riwaya yangu ilipookolewa, na sijawahi kumweleza mtu.

Nilikuwa nimekwama katikati. Mwanzo ulikuwa mzuri, mwisho naujua, katikati kulikuwa na matukio yamepangwa foleni: halafu wakaenda harusini, halafu mtoto akaugua, halafu akaja mgeni. Nilipoyasoma kwa mfululizo nikaona yote yanaunganishwa na "halafu". Hakuna "kwa hiyo", hakuna "lakini". Ungeweza kuyachanganya kama karata na msomaji asijue. Nadhani ndiyo maana watu wengi huacha riwaya hapo hapo, si uvivu, ni kwamba matukio hayadaiani.

Ndipo nikakumbuka upepo. Jahazi za kutoka Arabuni zilikuja na kaskazi, kuanzia kama Desemba mpaka Machi. Kwenda huko zilingoja kusi, ambayo huanza kushika Aprili. Lakini kusi ikichachamaa, mwezi wa sita na wa saba, bahari haisemeki, mwenye akili haondoki. Kwa hiyo nahodha ana mlango mwembamba wa kupita, akiukosa amekwama bara miezi.

Nikamfanya aukose. Kwa nini aukose? Kwa sababu aliyemkopesha hataki jahazi liondoke kabla ya kulipwa. Kwa hiyo anaweka rehani hisa ya mkewe. Lakini karatasi zinachelewa, upepo unageuka mkali. Kwa hiyo yuko nyumbani. Na mkewe tangu aolewe hajawahi kukaa na huyu mtu miezi mitatu mfululizo! Anamjua wa kuja na zawadi, hamjui wa kuamka naye kila siku, anayeuliza chumvi ilikwenda wapi. Mgeni wa ile sura ya zamani sikumhitaji tena, mgeni ni mume mwenyewe.

Siku hiyo nilivuka feri mara mbili bila kujua, nilirudi nayo Likoni nikiwa bado nimesimama nafikiri. Kwenye daftari iko C kwa sababu sikuandika hata mstari mmoja.

Mwalimu Mstaafu

Hapo pa mume kuwa mgeni nimependezwa napo. Sasa usije ukalieleza hilo kwa maneno ndani ya kitabu. Liache kwenye chumvi.

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Nimelieleza mwalimu, aya nzima. Naikata leo.

Bint Kisauni

La mwisho kwangu kabla ya kulala. Sura ya kwanza inanisumbua kila nikijua jambo jipya. Mfano sasa najua mwenye nyumba ana mke wa pili Mtwapa, na sura ya kwanza haijui. Nirudi nitengeneze, au niendelee?

Karani wa Likoni (mleta uzi)

Endelea, andika kama vile sura ya kwanza tayari inajua. Mimi nina ukurasa mmoja nyuma ya daftari wa kuandika madeni hayo. Kwa sasa unasomeka hivi: "Sura ya 2, ndugu wa nahodha yuko jela Fort Jesus, msomaji aone mkewe akipeleka chakula. Sura ya 3, toa mbuzi, weka kuku. Sura ya 4, seremala awe na mke." Sifungui hizo sura mpaka ya mwisho iishe. Nikifungua moja nitakuwa nazisafisha mpaka kaskazi ije.

Mzee wangu wa Barazani, nina jambo nakuomba. Sura ninayoandika inaanzia ufukoni, boriti zinahesabiwa kabla ya kupakiwa. Najua zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Nisichokiona ni mikono. Nani anashika, nani anaita hesabu, na mtu akitaka kuiba moja anaibaje?

Mzee wa Barazani

Kuiba! Sasa umeuliza swali la maana. Hilo haliandikiki kwa kidole cha mjukuu, linataka mikono miwili na kijiti. Njoo Ijumaa baada ya Alasiri, mjukuu atakutumia ujumbe pembeni akwelekeze. Njoo na daftari. Kahawa juu yangu, kashata lete wewe.